Kikapu cha Kahawa cha Deus

Jumapili, 1 Juni

Nimerudi Rubwera saa moja kasoro robo. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Nimeoga, nimekula ndizi zilizobaki jana, sasa naandika kwa hasira.

Wiki mbili nimechora vita ya mchezo wetu wa Jumapili. Wiki mbili! Kila jioni baada ya kazi, penseli na rula. Jeshi la mfalme, askari mia nane, wamejipanga bondeni. Wa kuwazuia ni watu watatu tu. Nilifika Omurushaka, chumba cha nyuma cha Ta Fidelis, mzee fundi cherehani, nikatandaza ramani mezani. Wote wakainama kuitazama. Nikajisikia mtu.

Deus akauliza swali moja tu. Hao askari asubuhi wanakula nini?

Uji, nikasema. Mjinga mimi.

Akasema mtu wake wa mchezoni, yule mchuuzi, anajipenyeza jikoni alfajiri na kumimina kahawa yake ya kutafuna ndani ya masufuria. Askari mia nane wakala uji wenye kahawa ya kikapu chake. Askari mia nane wakawa ndugu zake. Vita imekwisha. Dakika kumi na moja, niliangalia saa.

Nikamwambia kahawa lazima itoke mkononi mwake. Akasema mwiko ni mkono uliorefushwa. Ta Fidelis akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Hata mimi ningecheka kama ramani isingekuwa yangu.

Edina hakucheka. Mtu wake ni mwindaji, hakuna anayemfikia kwa upinde. Hajarusha mshale tangu Aprili. Leo alifuma kitambaa muda wote, na alipomaliza safu alihesabu vitundu kana kwamba sisi hatupo.

Jumanne, 3 Juni

Mwombeki wa masjala kaniuliza kila Jumapili naenda wapi na bahasha ya makaratasi. Alidhani kuna mwanaume. Nikamweleza. Tunakaa mezani watu wanne. Watatu wana watu wao kwenye karatasi, na nguvu zao, na vitu vyao. Mimi sina mtu, mimi ndiye nchi nzima: mfalme, majambazi, mvua, chui. Nasimulia kinachotokea, wao wanasema watu wao wanafanya nini. Pakiwa na shaka, dadu ya pande ishirini inaamua, namba kubwa ndiyo bahati. Hakuna mshindi.

Akauliza, sasa mnapata nini? Nikarudi kwenye faili langu.

Jibu ninalo, sikutaka kumpa. Nilihamishiwa hapa miaka minne iliyopita kupima mipaka ya mashamba. Katika kazi hii kila anayekukaribisha ana ugomvi na jirani yake, na ukishaweka jiwe la mpaka mmoja wao hakusalimii tena. Nilikuwa sina mtu. Edina, nesi, alikuwa mpangaji wa chumba cha pili. Nilimfundisha mchezo usiku wa mvua, yeye akamleta Deus anayenunua kahawa pale Omurushaka, Deus akamleta Ta Fidelis. Ndiyo watu wangu wote hao. Jumapili ikifa nitabaki na mipaka ya watu.

Na kikapu nilikitunga mwenyewe. Machi, mchuuzi wa Deus alikuwa anakufakufa kila wiki, nikamwonea huruma. Nikakumbuka mukago, jinsi babu zetu walivyotafuna kahawa yenye tone la damu wakawa ndugu wa kufa na kuzikana. Nikaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: Atakayetafuna kahawa ya kikapu hiki kutoka mkononi mwa mwenye nacho atakuwa ndugu yake, wala hataweza kumdhuru. Kahawa haiishi. Nikatia na sahihi.

Kahawa haiishi! Nani alinituma?

Ijumaa, 6 Juni

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Jambazi anapewa kahawa. Jambazi anasema hapana. Rahisi. Dunia nzima ni yangu, naweza kumfanya yeyote akatae.

Siwezi. Mtu kakunyooshea kiganja, kahawa iko juu yake, useme hapana? Marehemu mama angefufuka anichape. Tangu Machi Deus amewapa walinzi wa lango, wanyang'anyi wa msituni, chatu wa mtoni, chui wa pangoni, na Jumapili, baada ya uji ule, mfalme mwenyewe. Wote wamepokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hata mazimwi yangu nimeyalea vizuri mno. Mwingine anayecheza mchezo huu huko mbali asingekwama hapa hata dakika moja.

Nitatumia sheria. Kahawa tatu kwa siku, basi.

Jumapili, 8 Juni

Nimeshindwa vibaya.

Nilitangaza sheria ya kahawa tatu. Deus hakugombana. Akafungua daftari lake, akatoa kadi, akaisoma taratibu kwa sauti ya mzee wa kanisa. Kahawa haiishi. Akaigeuza kuonyesha sahihi yangu. Ta Fidelis akasema, "Mwanangu, hapo umeshikwa." Nikaifuta sheria yangu palepale.

Nikaleta mpango wa pili, mifupa inayotembea. Haina midomo ya kutafunia, haina koo. Nilijiona mjanja. Deus akauliza kama ina meno. Nikasema, kwa kweli meno inayo. Akasema, "Kadi inasema kutafuna, dada Adve. Kumeza haijasema."

Mifupa ikatafuna. Mifupa ikawa ndugu zake.

Anafurahi jamani. Macho yanamng'aa kama mtu aliyeokota simu. Nilitamani kumrushia dadu usoni, na ni rafiki yangu, na hajadanganya hata mara moja. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Anacheza kwa kufuata nilichoandika.

Edina kaondoka saa tisa na nusu. Kasema ana zamu. Hana zamu Jumapili hii, ratiba yake imebandikwa kwenye mlango wa jiko letu.

Jumatatu, 9 Juni

Edina kanisubiri uani asubuhi, mswaki mkononi. Yeye hazunguki. Akasema kila Jumapili anakaa kwa saa nne nzima kumtazama Deus akigawa kahawa. Kwaya wanamwita, wana mazoezi saa nane, saa ileile yetu. Atakuja mara mbili zaidi kwa ajili yangu, mpaka tarehe ishirini na mbili. Hali ikiwa hii hii, basi.

Nikamwambia nitalishughulikia. Akasema, "Uliniambia hivyo Mei."

Ni kweli nilimwambia Mei.

Mchana nilipima shamba huko chini, nikaandika namba za mpaka mara mbili, zote mbili makosa.

Jumapili, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipanga tangu Alhamisi. Watu wao wanalala kambini, nyani wanashuka, wanabeba kikapu, wanapotea nacho. Nilisimulia haraka haraka ili nisiingiliwe. Deus akasema mchuuzi wake hulala amekifunga kikapu kiunoni, alishatuambia hivyo zamani. Nikasema nyani wamekata kamba. Akaomba dadu. Nikasema hakuna dadu.

Pasi ya mkaa ya Ta Fidelis ikasikika inavyopumua juu ya suruali ya mtu.

Deus hakupandisha sauti. "Ulinipa mwenyewe, na umeniibia mwenyewe. Nyani unawasingizia." Akakusanya karatasi zake, akaziweka sawa kwa kuzigonga mezani, akatoka. Kalamu yake kaiacha.

Nilimgeukia Edina nikidhani angalau yeye nimemfurahisha. Kanitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyetupa dawa. Kasema hakuomba Deus anyang'anywe. Aliomba naye apate cha kufanya.

Tumerudi pamoja mpaka Rubwera. Nimeona aibu, na bado nina hasira, na sijui hasira ni ya nani.

Jumanne, 17 Juni

Nimemtumia Deus ujumbe wa pole. Kausoma. Hajajibu.

Jumatano, 18 Juni

Bado.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetumwa Ihembe kupima njia, nikalala kwa baba mdogo. Nimechoka mgongo, viganja vimetoka malengelenge. Nieleze kwa nini, maana hata mimi nashangaa.

Asubuhi tulikuwa tunajiandaa. Baba mdogo na watu wake kwenda kuchuma kahawa, imeiva kweli na kila siku ni siku. Akaingia mtu wa makamo ambaye hakuna aliyemjua, katoka upande wa Kyerwa karibu na mpaka, jogoo kwapani. Shikamoo zikapita. Mama mdogo akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, mgeni akachukua moja, akaishika bila kuila. Akasema babu yake na babu yetu walikuwa mukago. Akataja majina mpaka la ng'ombe aliyechinjwa siku hiyo. Kisha akasema shida yake. Mnyauko umemmalizia migomba yote. Anaomba machipukizi arobaini, na watu wawili wa kwenda kumsaidia kupanda.

Arobaini! Katikati ya msimu! Baba mdogo akaenda nyuma ya jiko akalalamika mpaka kuku wakakimbia. Mama mdogo naye akalalamika kwake. Mimi nikawaambia, si mkatae tu, mtu mwenyewe hamumjui. Wakanitazama wote wawili. Baba mdogo akasema, "Adventina, huyo hakuja kuomba. Kaja kwao."

Akachukua jembe. Nikachimba nao mpaka saa saba na sketi yangu ya ofisini. Kahawa mtini haikuchumwa. Watu wawili wameondoka na mgeni, na watakaa huko wiki.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye shimo la chipukizi la kama thelathini hivi, namlaani babu, ndipo nikaiona kadi yangu. Atakuwa ndugu yake. Nimeandika mwenyewe kwa wino mwekundu na tangu Machi nimesoma nusu ya pili tu. Ndugu hakudhuru, sawa. Lakini ndugu anakuja.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepitia Omurushaka nikitokea Ihembe. Deus alikuwa kwenye turubai, anageuza kahawa kwa reki, wauzaji wamejipanga. Hakuacha kazi. Nilisimama juani kama aliyekuja kuomba ajira.

Nikasema nilikosea. Nikasema nyani walikuwa mimi. Kikapu ni chako, kimerudi, kadi ni ileile, sijabadilisha herufi. Akauliza, "Na mifupa?" Nikasema hata mifupa bado ni ndugu zako. Wote ni ndugu zako.

Akaitazama reki. Kasema yeye siku nzima anabishana na watu. Unyevu, mawe kwenye gunia, mizani. Kila anayemjia anamwona mwizi. Jumapili anafungua kikapu na kila mtu anampenda, hata chatu. Kasema hivyo huku anageuza kahawa, bila kunitazama.

Sikujua. Miaka minne, sikujua.

Nikampa kalamu yake. Kasema atakuja.

Jumapili, 22 Juni

Naandika kila kitu kabla sijasahau.

Wote walikuja. Edina na kitambaa chake cha kufuma, begi la kwaya begani. Siku ya mwisho aliyoniahidi.

Nilianza polepole. Asubuhi, mchuuzi anaamka, nje kuna askari thelathini wa mfalme. Ndugu, kwetu kuna njaa, tumekuja kukaa kwako. Deus akacheka, akawapa hifadhi. Kisha mifupa, inaomba mtu wa kuizika maana haina ukoo. Akacheka, akaahidi. Chatu anataka mtoto wake apewe jina. Deus akampa jina lake mwenyewe, Ta Fidelis akapiga meza. Walikuwa wanafurahi, na mimi nilikuwa nafurahi, sikuwa nimefurahi hivyo tangu Pasaka.

Ndipo wakaja wajumbe wawili siku moja. Wa mfalme: ndugu yangu, chui anamaliza watu wangu, njoo na silaha. Wa chui: ndugu yangu, watu wa mfalme wamechoma pango langu na watoto wangu ndani, njoo na silaha.

Deus akaacha kucheka. Akaisoma kadi. Akaisoma tena. Anaweza kuwapatanisha? Nikamwambia ajaribu. Akajaribu kwa chui, kwa maneno mazuri, nikampa dadu kwa haki, ikatoka nne. Akajaribu kwa mfalme, sita. Jioni chui akaua tena, mtoto wa kinyozi.

"Nikikataa wote?"

"Kataa," nikasema. Nilimaanisha. Sikumzuia hata kidogo.

Alifungua mdomo. Nikaona kabisa kwamba yeye naye hawezi. Amelelewa kama nilivyolelewa. Ta Fidelis akasema mtu wake mhunzi naye alishatafuna kahawa kwa mfalme, kwenye karamu ya kumaliza vita, kwa hiyo naye amefungwa kwa mfalme. Nani hajatafuna na mtu yeyote?

Wakageuka wote kumtazama Edina. Alikuwa ameshaweka kitambaa chini. Sijui aliweka saa ngapi.

Ta Fidelis huweka kisahani cha kahawa mezani, huwa tunatafuna tukicheza. Deus akachukua moja ya kweli, akaiweka kiganjani, akamnyooshea Edina. Mchuuzi anamfanya mwindaji kuwa ndugu yake, akasema. Akishakuwa ndugu hatanigeuka, ndipo nitamtuma kwa chui.

Edina akaitazama ile kahawa. Kiganja cha Deus kilikuwa kimechubuka kwa reki. Nilishika meza.

"Sitafuni," akasema.

Mawe, mama wee! Hakuna aliyewahi kusema hivyo humu ndani. Si zimwi, si mfalme, si mimi mwenye dunia. Ta Fidelis akavua miwani. Deus masikio yalimwiva.

"Usinifunge, Deus. Niombe."

Mkono ulibaki hewani. Nilidhani ataondoka kama wiki iliyopita. Akairudisha kahawa kwenye kisahani, taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Kisha akasema, kwa sauti yake yeye, si ya mchuuzi, kwamba anaomba. Kwamba hajui la kufanya, na kwamba tangu Aprili amemzibia njia, na aliona, na aliendelea.

Edina akasema, "Haya. Nipisheni."

Alikwenda peke yake. Alitafuta upepo, alivua viatu, alipanda mwamba kwa upande ambao hata mimi sikuwa nimeuchora. Kila hatua aliniuliza swali na kila swali lilikuwa la mtu anayejua kuwinda. Chui alimwona. Chui akasema, nirushie, nimechoka, ila mwambie ndugu yangu nilimsubiri. Sikuwa nimepanga hilo, lilinitoka tu. Edina akashika dadu muda mrefu. Kumi na tisa.

Deus alifunika macho. Mtu mzima na ndevu zake.

Hakuna aliyeaga vizuri. Tulitoka tu. Edina kapanda gari la mbele kwa sababu alitaka kukaa peke yake, na sikumuuliza kuhusu kwaya. Niliogopa.

Jumatano, 25 Juni

Edina hajasema lolote. Tumepishana jikoni mara tatu. Ameazima chumvi. Nimepima mashamba mawili, namba zote sahihi, sijui nimewezaje.

Jumamosi, 28 Juni

Sijaandaa chochote kwa ajili ya kesho. Sina hata ramani. Nikiandaa halafu asije, nitaichana.

Nimefua mashuka.

Jumapili, 29 Juni

Asubuhi nilimkuta Edina anapiga pasi gauni la kanisani. Akaniuliza gari letu ni saa ngapi. Nikamwambia. Akasema mwalimu wa kwaya amenuna, atazoea.

Chumbani kwa Ta Fidelis mvua ilikuwa inapiga bati, mvua isiyo ya msimu. Nilikaa, nikafungua daftari tupu, nikavuta pumzi nianze.

Sikuanza. Deus alikuwa ameshasema chui hawezi kuachwa pale mwambani, ni dada yake, lazima azikwe. Edina akasema ngozi ni ya aliyemwinda, ndiyo desturi ya wawindaji. Deus akasema dada wa mtu hachunwi ngozi. Edina akasema basi aje amchukue mwenyewe, njia atamwonyesha. Ta Fidelis akasema mhunzi atatengeneza jembe, ila anataka kujua kaburi litachimbwa kwa nani, kwa mfalme au msituni. Hapo wakagombana kweli, kisha wakaanza upya taratibu. Edina akakubali ngozi izikwe naye. Deus akauliza kama mwindaji atakubali kushika upande mmoja wa machela. Akakubali.

Saa nzima hawakuniuliza kitu. Hakuna aliyegusa dadu. Chai ikaletwa, nikaipokea, nikanywa.

Nilikaa nikiwasikiliza wanavyombeba yule chui.